Mashine Isiyo na Mapigo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi wa mvuke wa kiwanda cha sukari. Wenzake walimwita Mzee Sikio. Alipima afya ya injini kwa kuisikiliza: ncha moja ya kijiti kwenye chuma, ncha ya pili sikioni.

Injini yake ilikuwa na silinda tatu. Mvuke ukitoka kwenye boila na hasira zake, huingia silinda ndogo. Hasira zikipungua, huhamia ya kati. Ukichoka kabisa huingia kubwa, maana mvuke uliochoka hutaka nafasi. Mvuke mmoja, kazi tatu. Dum, dum, dum. Mzee aliusikia kila mpigo.

Kisha binti yake, fundi naye, akaongeza turbini mwishoni: gurudumu la mapanga, lizungushwe na mvuke unaotoka silinda kubwa.

"Mwanangu, punda huyu kashabeba mizigo mitatu," mzee alifoka. "Bado unamtwika?"

"Baba, pumzi anayo. Njoo usikilize mwenyewe, kisha useme."

Alitaka neno moja tu, wasikilizaji. Neno la baba yake: imefaa, au haikufaa.

Turbini ikawashwa. Mzee akaweka kijiti. Akahamia upande wa pili. Akabadili sikio. Turbini haina mapigo. Huvuma tu, mfululizo. Mafundi wakamtania, "Mzee, mgonjwa anasemaje?" Hakucheka. Akaondoka bila kuaga.

Kesho yake akarudi. Na keshokutwa. Kila siku kijiti, kila siku kimya. Binti hakujua kama baba kakasirika, au kaona kasoro anayomficha. Usingizi ukamhama. Siku moja alishika valvu ya mvuke aifunge, aizime turbini, kisha akaiacha.

Wiki iliyopita mzee akafariki. Neno hakulisema.

Baada ya mazishi, mama akamwita binti jikoni. "Baba yako alinituma kwako. Nikamwambia, si umwambie mwenyewe? Akasema anaona haya, nami nikangoja nikidhani atakwambia. Alisema: 'Mwambie sijui. Miaka yote hii nasikiliza, leo sijui. Lakini asiizime.'"

Binti alituambia, "Nililia, nikacheka. Mpaka sasa sielewi kama ni baraka au ni onyo. Lakini inazunguka."

Tunawapa pole mjane, binti na mafundi wote wa kiwanda. Nawe msikilizaji, yuko anayengoja neno lako? Kama jibu huna, mwambie huna. Mwambie leo, kwa mdomo wako mwenyewe.