Askari wa Kalembe na Tembo wa Tribinali

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu. Mimi ni Papa Bahati wa Kalembe. Wengi munanijua kwa uso, lakini mimi ninawajua kwa sauti tu.

Nilienda vita nikiwa na macho mazima. Huko Abisinia bomu lilipasuka karibu na shimo letu, muchanga na moshi vikanijaa machoni. Nilirudi nyumbani nikiona ukungu tu. Kulima mulimani kukanishinda, maana nilikata migomba nikizani ni majani. Pensheni ya kilema njo ilitulishia watoto.

Kisha akaja munganga mupya wa serikali kupima maaskari wa zamani. Akaniuliza, "Unaona mukono wangu?"

Nikanyoosha mugongo. "Ndiyo, Munganga."

"Na mulango unauona?"

"Ndiyo, Munganga."

Akaandika kwamba macho yamepona. Nikapiga saluti, nikageuka, nikagonga ukuta.

Pensheni ikakatwa. Muke wangu, Mama Riziki, akauliza, "Papa Bahati, sababu gani ulimujibu vile?"

"Mukubwa akiuliza, askari anajibu ndiyo."

Watoto wakaanza kulala njaa. Kanisa likafunga na kuomba, halafu mupastori akatushauri tupeleke mashitaka kwa juge, hakimu wa tribinali.

Tukaenda Masisi, Mama Riziki akinishika mukono. Ndani ya tribinali nikapiga saluti kwa heshima yote.

"Papa," muke wangu akanong'ona, "hiyo iko kabati."

Watu wakacheka. Munganga yule, aliyeitwa pale kujibu mashitaka, akasema ninajifanya kipofu. Ndugu zangu, nilitamani ardhi inimeze. Lakini Mama Riziki akasimama. "Bwana Juge, huyu muntu hajue kumwambia mukubwa hapana. Mumuulize kitu chochote."

Juge akanigeukia. "Askari, unaona tembo anayesimama nyuma yangu?"

"Ndiyo, Bwana Juge."

"Iko mukubwa?"

"Mukubwa sana, Bwana Juge."

Hata walinzi walicheka. Juge hakucheka. Akamuuliza munganga kama alinipima kwa njia ingine zaidi ya maswali. Munganga akakubali kwamba aliniuliza tu. Juge akafuta kipimo kile, akaamuru munganga mwingine anipime kwa taa na vyombo vyake, wala nisiulizwe neno hata moja.

Nikapimwa hivyo, nimefunga mudomo. Pensheni ikarudi.

Ninamushukuru Mungu aliyemupa muke wangu ujasiri. Na wewe ndugu unayeumia, lakini ukisalimiwa unajibu "niko muzuri", Yesu hakutishi kwa cheo. Umwambie panapouma. Simama pale ulipo. Mama Riziki atanileta nikushike mukono, tuombe pamoja.