Dada Yetu Aliyelirudisha Jiko Mikononi Mwake

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitinda mimba wa familia hii, nimetumwa kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye angekuwepo angetuonya tusimpambe kwa sifa.

Dada alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa kwanza kati ya watano, akapoteza usikivu kwa homa akiwa mdogo, akaanza shule ya viziwi mwaka 1969, akahitimu ushonaji mwaka 1979 na kuajiriwa katika kiwanda cha sare, ambako msimamizi alizoea kusema kwamba mshono wake haufumuki hata kwa ugomvi. Tarehe 14 Aprili 1984 alifunga ndoa na fundi seremala, shemeji yetu aliyetutangulia, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1996 macho yalianza kufifia, miaka miwili baadaye hakuona kabisa, kisha shemeji akafariki, nasi kwa mapenzi tukamchukua dada, tukamketisha, tukamlisha, tukamwogesha kama mtoto mchanga, na nyumba yake tukaifunga. Yeye alitaka jambo moja tu, kurudi kwake.

Mwaka 2000 alijiunga na mafunzo ya stadi za kujitegemea kwa viziwi wasioona, ambako mwalimu hakumkamata mikono, bali aliweka mikono yake chini ya mikono ya dada, ili ahisi kazi inavyofanywa na aachie anapotaka, na humo alijifunza kutembea na fimbo nyeupe, kuwasha jiko, kumimina chai kidole kikiwa ukingoni mwa kikombe, na kusoma herufi zinazoandikwa kiganjani. Hata hivyo kikao cha familia kiliogopa moto, kikamnyima ufunguo wa nyumba yake, naye akatuomba tumfungulie siku moja tumwone akipika peke yake, na akishindwa asidai tena.

Siku hiyo mjomba, kwa huruma zake, alimsogezea kopo la chumvi karibu, akaliweka palipokuwa na sukari, chai ikaja na chumvi, tukatazamana, na wengine wakaona kesi imekwisha. Dada alionja, akapapasa rafu, akaelewa, akanyoosha kiganja kuuliza nani ameigusa, na mjomba, ambaye yupo hapa na anacheka, akajisalimisha. Dada akamwandikia mjomba kiganjani, na binti mkubwa wa dada akatusomea: "Mjomba, ukinipenda, acha vitu mahali pake." Akaimwaga chai ile, akachemsha nyingine, tukanywa tukaridhika, na mjomba mwenyewe ndiye aliyemkabidhi ufunguo.

Kuanzia mwaka 2003 hadi alipostaafu mwaka 2021 alikuwa mkufunzi katika kituo kilekile alikofunzwa, akiwafundisha wenzake kupika, kufua, na kuwatoa jikoni ndugu wenye huruma nyingi, huku akiwaoza mabinti zake na kuwalea wajukuu watatu. Tulijivunia, na leo tunajivunia zaidi.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2024, akalazwa mara mbili, akaomba kurudi kwake, na Jumanne tarehe 11 Machi 2025 alifariki katika kitanda alichokitandika mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyejifunza kumwandikia kiganjani kabla ya kila sindano, majirani waliobisha hodi kwa kumgusa bega, na wakufunzi wenzake. Wanafunzi wake wameketi viti vya mbele, wanasomewa maneno haya viganjani, na wengi wao leo asubuhi wamejipikia chai, wamefunga milango yao wenyewe, wakaja. Naomba tutulie hadi herufi ya mwisho iwafikie, ili tumwambie sote kwa pamoja: dada, umeshinda, pumzika kwa amani.