Zulia Lililofichwa Mgeni Asilione

Macho hayana pazia, na ndani ya basi masikio nayo hayana. Fundi cherehani alikuwa amekaa nyuma ya dereva wa lori aliyekuwa akimbana kwa maswali muuguzi, mmoja wa wale wanaopita nyumba kwa nyumba kukagua kama wazee wanaishi salama.

“Dada, mwenzako aliandika kwamba nyumbani kwa mama yetu hakuna hatari. Wiki haikuisha, akajikwaa kwenye zulia, nyonga ikavunjika.”

“Zulia hilo mwenzangu alilikuta?”

Dereva akakohoa. “Tulilificha. Limechanika, na mgeni anakuja!”

“Na mama alipoulizwa kama huwa anaanguka, alisemaje?”

“Alikataa. Tulimwambia asitutie aibu.”

“Basi, kaka, tulikagua nyumba ambamo mama yenu haishi.”

“Si ndiyo kazi yenu? Mngechungulia uvunguni!”

“Uvungu wa mama wa mtu?”

Basi likasimama, wakashuka wakibishana. Fundi, kitini, akatazama saa. Saa nane, yaani sasa hivi, muuguzi mwingine wa ukaguzi angebisha kwa baba yake. Asubuhi yeye mwenyewe alikuwa ameusukuma uvunguni mkongojo wa mzee uliovunjika na kufungwa kwa waya. Na wa kuinuka kufungua mlango ni mzee, peke yake.