Maneno Yaishe Kabla Maji Hayajachemka: Risala ya Akina Mama wa Wanafunzi wa Uzamivu, Zomba

Mgeni rasmi wetu Profesa Likongwe, mkuu mpya wa chuo; walimu; na ninyi wanetu mlio nyuma ya pazia mkingoja kuitwa kwenye shindano la kueleza utafiti wenu kwa dakika tatu:

Sisi mama zenu tumepiga magoti na kupiga makofi kama ilivyo desturi. Karibu, Profesa. Nimechaguliwa kusoma mimi, Mai Nakhumwa, niliyeishia darasa la sita. Wenzangu walisema, "Soma wewe, ukikosea hakuna atakayeshangaa."

TULIKOANZIA

Mwaka juzi binti yangu Mwandida alikwenda kijiji kimoja upande wa Phalombe kuchota udongo wa utafiti wake. Akaujaza kwenye vifuko, akaviandika namba. Watu wakamzunguka. Mama mmoja mwenye jembe akamuuliza, "Binti, rutuba yetu unaipeleka wapi?"

Mwanangu akajibu kwa maneno ya kitabuni, marefu kama treni ya mizigo. Wakamweka kwa chifu mpaka jioni. Hawakumgusa, Mungu ni mwema, ila vifuko vilimwagwa vyote. Tangu hapo simu yake ikichelewa, mimi hata chumvi siioni ilipo.

Ndipo tukaanzisha Jumamosi zetu. Wanafunzi wanakuja uani kwangu, kila mmoja anabandikiwa maji ya nsima, ugali wetu, kwenye sufuria ndogo, naye anatueleza utafiti wake. Maji yakichemka hajamaliza, anapewa mwiko. Anasonga yeye.

TULICHOVUNA

Yankho, anayechunguza popo, alisonga mwezi mzima. Mai Gondwe akamwambia, "Mwanangu, huo usomi sijui, lakini mkeo atakuja kutushukuru."

Wiki iliyofuata akasimama, akasema, "Mama zangu, hao popo mnaowapiga mawe ndio wanaokula wadudu wa mahindi yenu." Akamaliza maji yakiwa vuguvugu. Siku hizi Mai Gondwe, adui wa popo tangu azaliwe, anawapigia hodi kabla ya kuingia ghalani.

Mwandida bado. Jumamosi iliyopita maji yalimpita kidogo tu. Alisonga huku amenuna, na nsima ikawa na mabonge. Tuliila.

LINALOTUTIA HOFU

Profesa, tumesikia kwamba mwakani shindano hili la dakika tatu litahamia hotelini Blantyre, mbele ya wataalamu watupu, kwa kadi za mwaliko. Wataalamu ni watu wema. Watatikisa vichwa. Hapo ndipo penye hatari, maana mtoto anayetikisiwa kichwa na kila mtu atajuaje kwamba hajaeleweka? Sisi tukipotea njia tunasema, "Mwanangu, umetuacha mtoni, rudi utuchukue." Naye anarudi.

Hatusemi kwa hasira. Tunaonya kama mama anavyomwonya mtoto anayecheza karibu na moto.

OMBI LETU

Ni moja. Shindano libaki ukumbi huu, milango wazi, na kati ya waamuzi wakae watu wa mtaani: muuza dagaa wa matemba, fundi baiskeli, yeyote asiyeona haya kusema "sijaelewa".

Leo Mwandida atasema hapa mbele yenu. Jumatatu anarudi Phalombe, kijiji kilekile, na vifuko vipya. Nimemkataza, hakusikia, kichwa hicho ni cha marehemu baba yake. Huko hakuna waamuzi wala kikombe cha mshindi. Yupo yule mama na jembe lake, na swali lake halijajibiwa.

Mgeni rasmi, niliposema karibu, wenzangu walibandika sufuria pale nje ya mlango. Naisikia imeanza kuimba, basi nami nakaa. Mungu akupe afya, akipe chuo chetu ulimi mwepesi na masikio mapana, na awafikishe wanetu salama huko wanakotumwa na elimu.

Sasa tunangojea jibu lako. Maji yako tumeshayabandika kwenye sufuria nyingine, na mwiko ni huu hapa.

Ni sisi,
Akina Mama wa Sufuria Ndogo,
Zomba.