Mama Mapezi na Chupa Namba 5,806

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kuhesabu mapezi ya samaki wa kina kirefu cha bahari, mhifadhi wa samaki wa makumbusho yetu anastaafu. Jina lake lipo kwenye faili la utumishi. Sisi tumezoea kumwita Mama Mapezi. Mkurugenzi humwita jina lolote linalomjia siku akiwa na shida.

Alianzia kazi katika chumba kisicho na dirisha mwisho wa korido, ukipita choo cha wageni, na ndimo anamomalizia. Alikuta chupa mia tatu. Anaacha 6,212, na ndani yake samaki ambao wengi wetu tungewakimbia: weusi, macho kama vifungo, meno marefu hata mdomo haufungi.

Samaki akiletwa kutoka mita elfu moja chini, yeye huhesabu vijiti vya mapezi, ile mifupa myembamba inayoyashikilia, meno, na vitone vya mwanga vilivyojipanga tumboni, kisha anasema huyu ni nani. Huandika lebo kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka kwenye spiriti inayomhifadhi samaki, na kuitia chupani. Lebo hiyo haitoki tena. Kosa likigunduliwa, unaongeza lebo nyingine na kutia sahihi; ya zamani inabaki, ili kila mtu aone nani alikosea na lini. Ndiyo maana mabosi wengi hawawezi kazi hii.

Miaka tisa iliyopita ikaja mashine ya kusoma DNA. Unakata kipande cha nyama kama punje ya mchele, mashine inasoma msimbo wake, kompyuta inaulinganisha na misimbo iliyo kwenye maktaba yake. Mkurugenzi alikata utepe na kutangaza kwamba zama za kuhesabu mapezi zimekwisha. Mama Mapezi alipiga makofi, na kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mashine ikamwonyesha kwamba samaki aliowatenganisha kwa miaka kumi na tisa kama spishi mbili walikuwa jike na dume wa spishi moja. Alicheka hadi miwani ikamdondoka, akaandika: "Nilikosea. Hawa ni mke na mume." Sahihi, tarehe. Ipo rafu ya nne, nenda ukasome.

Zamu ya Mkurugenzi ilifika mwaka juzi. Samaki mmoja mweusi, urefu wa kidole, alipimwa na kompyuta ikajibu kwamba haina msimbo unaolingana naye. Kabla ya chai ya saa nne Mkurugenzi alikuwa ameshatangaza spishi mpya, ameita waandishi wa habari, na ameichagulia jina lililofanana ajabu na la ukoo wake. Mama Mapezi akamweka samaki chini ya hadubini, akahesabu, akarudi na chupa ya miaka ishirini na sita iliyopita. Vijiti vya mgongoni kumi na sita, na huku kumi na sita. Vitone ishirini na vinne, na huku ishirini na vinne. Samaki yule yule, mwenye jina lake la kitaalamu kabla Mkurugenzi hajaajiriwa. Msimbo wake haukuwamo kwenye kompyuta kwa sababu samaki wa zamani walilowekwa kwanza kwenye fomalini, dawa inayoharibu DNA. Kompyuta ilisema "simjui", Mkurugenzi akasikia "hajawahi kuwepo". Watu wanaosikia hivyo hupewa ofisi yenye zulia.

Hivyo chupa ya samaki huyo, namba 5,806, ina lebo mbili: ya Mkurugenzi yenye jina jipya, na ya Mama Mapezi inayoisahihisha. Mwezi uliopita Mkurugenzi alishuka mwenyewe hadi mwisho wa korido.

"Mama, hii karatasi yako tuitoe tu. Wageni wanakuja."

"Lebo haitoki, baba. Yako ikae, yangu ikae. Ukiandika ya tatu niletee, nafasi ipo."

Wiki hiyo hiyo ukatoka waraka wa Mkurugenzi: Mama Mapezi akiondoka, chupa zitupwe kwa kuwa misimbo imehifadhiwa, na chumba kiwe cha mikutano. Chupa zaidi ya elfu nne hazina msimbo wowote. Vyumba vya mikutano tunavyo vitatu, na hatujawahi kukubaliana jambo katika hata kimoja.

Mama Mapezi hakugomba. Alifungua kanuni za makabidhiano, zenye sahihi ya Mkurugenzi mwenyewe: hakuna chupa inayotoka hadi mpokeaji ahakiki kila samaki na kusaini. Mkurugenzi, kwa hamu ya ile chupa moja, alijiteua kuwa mpokeaji. Amewekwa kwenye hadubini tangu Jumatatu.

"Rudia, baba. Hicho ni kijiti kimoja, si viwili."

Ijumaa walikuwa kwenye chupa ya kumi na tisa. Kwa mwendo huu, Mkurugenzi atastaafu kabla hajafika nusu. Mwenye hamu ya kuiwahi 5,806 asisubiri zamu: penseli ya kuandikia lebo ya tatu iko mezani, imechongwa.

Mama, asante kwa macho yako, na zaidi kwa ile lebo ya rafu ya nne. Tunakuombea afya, usingizi mzito na mchana mrefu wa kupumzika. Asubuhi una mwanafunzi.