Ving'ora Viwili vya Mbarka

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Hapa ni redio ya mtaa wetu, Asfi, na anayezungumza ni Bushaib, niliyekuwa mpakuzi wa samaki bandarini. Kila wiki huwa nawakumbuka wake na waume za watu. Leo namkumbuka wangu. Mbarka. Amekufa na miaka hamsini na tisa, mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Amefia kwenye ngazi. Narudia ili wenye kiwanda wasikie vizuri: amefia kwenye ngazi.

Mimi sikusoma, sitawapambia maneno.

Mbarka alikata vichwa vya dagaa kwenye kiwanda cha samaki wa kopo tangu hatujaoana. Siku ya posa mama yangu alimwambia, "Binti, unanuka samaki." Akajibu, "Na mwanao ananuka mashua, mama. Tutazoeana."

Kila kiwanda hapa kina king'ora chake. Chake kililia mara tatu, kifupi. Akikisikia, hata kama mikono imejaa unga, anavuta mtandio na kuteremka. Kutoka kwetu hadi kiwandani ni ngazi mia moja na kumi na mbili. Asubuhi chini, jioni juu.

Mwaka jana moyo ukaanza kumsumbua. Daktari akasema: kazi nusu siku, na ngazi apunguze. Tukaenda kwa meneja, Bwana Tahar. Mpole huyo! "Bi Mbarka, wewe ni mama yetu. Kuanzia Jumatatu, nusu siku." Nikamwambia mke wangu, "Pokea." Nikamshika yule mtu mkono kwa mikono yangu miwili, nikamshukuru. Mikono hii hii.

Jumatatu Mbarka akarudi saa tatu asubuhi. Nikacheka, "Umekuwa bosi!"

"Bosi wa nini? Nimeambiwa nirudi alasiri."

Kumbe nusu siku ya Bwana Tahar imekatwa vipande viwili. Saa mbili za kukata vichwa asubuhi. Saa mbili za kupanga makopo alasiri. Katikati, nje, na mlango unafungwa. Ngazi alizopanda mara moja kwa siku, sasa anapanda mara mbili. Daktari kasema apunguze, wao wakamzidishia, wakaiita huruma.

Alijaribu kukaa ukutani nje ya kiwanda asubiri. Mlinzi akamfukuza: "We bibi, hapa si bustani!" Mbarka akamwambia, "Naona, mwanangu. Bustanini hawafungi mbwa mlangoni."

Mwenzake wa mezani, Saadia, anasema: "Nilimwambia, dada, acha kazi. Akaniambia, niache leo wanikatie pensheni, niwe nimewapa miaka thelathini na minne bure?"

Nilirudi kwa Bwana Tahar. Nikamwomba ampe saa zake nne pamoja, basi. Akasema, "Mzee, samaki hawapangiwi saa." Nikamwuliza, "Na wewe, chakula cha mchana unaletewa vipande viwili?" Akamwita mlinzi.

Jumatano ile ya mwisho, king'ora cha pili, cha alasiri, kikalia. Nikamwambia, "Kunywa chai kwanza."

"Nikirudi."

Alikuwa anarudi. Binti yetu Hakima amezihesabu: ngazi ya tisini na moja. Zilibaki ishirini na moja.

Siku ya tatu ya matanga kiwanda kikaleta sukari, kama desturi yetu. Pande moja, limevunjwa mawili. Hata sukari wameigawa! Nyumba imejaa wanawake wa kiwandani, king'ora kikalia. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, huku wanafuta machozi. Hakima akamwuliza Saadia, "Mama mdogo, hata leo?"

"Hata leo, mwanangu."

Siwalaumu hao. Namlaumu anayekibonyeza.

Wasikilizaji wapendwa, pole za familia ni zangu na Hakima, na tumeshapeana. Pole ninazotoa leo ni za wanawake sita waliobaki, waliopewa nusu siku kama yake, ambao bado wanapanda. Na enyi waume zao, tafakarini: msishukuru upesi kama mimi.

Kesho saa tatu, zamu ya kwanza ikitoka, mtanikuta mlangoni pa kiwanda, pale pale alipofukuzwa Mbarka. Nina jiko, nina birika. Tutakaa chini mpaka king'ora cha pili. Hapandi mtu.

Na wewe Bwana Tahar, usihangaike kuleta kitu. Sukari yako ninayo.