Kipande cha Nne

Klabu yao ya vitabu ilikuwa na nakala moja tu ya riwaya, hivyo waliikata vipande vinne ili wasome kwa zamu. Kwenye kosta ya kutoka Mombo, Mama Davis na Bi Mwanaidi, waliokwisha kumaliza kipande cha tatu, walizozana juu ya Rukia wa riwaya hiyo, wakiwa kiti cha nyuma ya Nasra, mwenzao wa klabu.

“Rukia akimrudia yule mume, mimi na klabu basi,” alisema Mama Davis.

“Atarudi tu. Wewe ulirudi mara ngapi?”

“Mara mbili. Ndiyo maana yeye sitaki arudi.”

Kipande cha nne kilikuwa mfukoni mwa Nasra, na humo Rukia alimrudia mumewe kwenye ukurasa wa pili tu.

Gari liliposimama Soni, Mama Davis alimgusa bega. “Mwanangu, zamu yangu. Kiko wapi?”

“Nimekisahau nyumbani, mama,” alisema Nasra, akamtolea maparachichi mawili kutoka mfuko uleule, taratibu, kipande kisichungulie.